Sura ya Saba: Mkoba wa Buluu

Mwezi wa Oktoba 1961, wapanda farasi wapatao 40 walivuka mpaka kutoka Mustang, kile kipande cha Nepal kilichochomoza kama kidole ndani ya Tibet, wakasafiri kwa kujificha hadi kwenye barabara ya kijeshi inayounganisha Lhasa na Xinjiang. Kiongozi wao aliitwa Ragra Jetar. Walijibanza juu ya barabara, wakangoja. Kilichotokea ni gari dogo la jeshi la China. Wakalimiminia risasi mpaka likasimama, na waliokuwa ndani wakafa. Wakachukua bunduki, wakachukua sare, wakachukua na mkoba wa buluu uliolowa damu na kutobolewa kwa risasi.

Ndani ya mkoba mlikuwa na zaidi ya kurasa 1,600 za Kichina. Zilibebwa kwa farasi, kwa miguu na hatimaye kwa ndege hadi Washington, na huko wachambuzi wa CIA, Shirika la Ujasusi la Marekani, walipozifungua hawakuamini macho yao. China ya miaka hiyo ilikuwa nyumba iliyofungwa madirisha: Marekani haikuwa na ubalozi Beijing wala mwandishi wa habari wa kumtegemea. Sasa mezani palikuwa na matoleo 29 ya jarida la siri la Idara Kuu ya Siasa ya Jeshi la Ukombozi la Watu, ya kuanzia Januari hadi Agosti 1961, yaliyoandikwa kwa ajili ya makamanda peke yao. Humo jeshi lilikuwa likisema nafsini mwake yale ambayo serikali ilikuwa ikiyakanusha hadharani. Kwamba njaa iliyofuata sera ya Hatua Kubwa Mbele ilikuwa imefika kwenye familia za askari wenyewe. Kwamba ari ya wanamgambo ilikuwa imeporomoka. Kwamba ufa kati ya Beijing na Moscow ulikuwa mpana kuliko watu wa nje walivyodhani. Mwaka 1963 serikali ya Marekani ilizitoa karatasi hizo kwa wanazuoni, na mwaka 1966 zikachapwa kitabu kwa Kiingereza. Miongo kadhaa baadaye CIA ilitundika katika makao yake makuu mchoro wa rangi unaoonyesha wapanda farasi wale wakilishambulia lile gari.

Sasa turudi kwa wale 40. Wao hawakwenda barabarani kutafuta karatasi. Walikwenda kuua askari wa jeshi lililokuwa nchini mwao, kuifunga njia yake ya chakula na risasi, na, Mungu akijalia, siku moja kurudi makwao nyuma ya barabara ile. Mkoba ulikuwa nyara mojawapo, tena nyara isiyolika wala isiyopiga. Kwa Washington, huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote uliotokana na Mustang. Nikiisoma habari hii yote, kuanzia 1956 hadi 1974, naona jahazi moja lenye abiria wa aina mbili, kila mmoja akiamini kwamba nahodha anaelekea bandari yake.

*

Kwanza neno. Kiswahili kimezoea kuwaita watu wa namna hii wapiganaji wa msituni, kwa sababu vita vyetu na vya jirani zetu vilipiganwa kwenye misitu: Aberdare, Msumbiji, mashariki ya Kongo. Tibet ya juu haina msitu. Ni uwanda wa majani mafupi na changarawe, mita 4,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako mtu mmoja na farasi wake huonekana kutoka umbali wa nusu siku. Ukitaka kuelewa kwa nini vita hivi vilikwenda vilivyokwenda, anza hapo. Ndege ikipita, hakuna pa kuingia.

Watu waliovianza walikuwa Wakhampa, wenyeji wa Kham, jimbo la mashariki lenye mabonde marefu na mito iendayo China na Asia ya Kusini-Mashariki. Hawa walikuwa wafugaji, wafanyabiashara wa misafara ya baghala, na watu wa bunduki. Mwanamume wa Kham alivaa hirizi kifuani iliyobarikiwa na lama, akaamini kwamba inazuia risasi, na silaha yake aliihesabu kama sehemu ya mwili wake. Mabwana wa Lhasa waliwaogopa na kuwaona nusu majambazi. Wao nao waliwaona mabwana wa Lhasa kuwa watu wa hariri na barua. Chuki hiyo ya nyumbani ilikuja kugharimu sana.

Jeshi la Mao liliingia Chamdo, mashariki ya Tibet, Oktoba 1950, askari wapatao 40,000 dhidi ya jeshi dogo la Tibet lisilofika hata robo ya idadi hiyo, na Mei 1951 wajumbe wa Lhasa wakatia saini Beijing mkataba wa vipengele 17. Mkataba uliahidi kwamba utawala wa Dalai Lama, kiongozi wa Tibet, hautaguswa. Lakini nchi ya Wakhampa iliyo mashariki ya mto Drichu, ambao Wachina huuita Yangtze, haikuhesabiwa na Beijing kuwa Tibet. Ilihesabiwa kuwa Sichuan. Kwa hiyo kuanzia 1955 na 1956, wakati Lhasa bado ilikuwa ikibembelezwa, Kham iliingizwa kwenye mageuzi: ardhi igawiwe upya, matajiri wahukumiwe hadharani na watumishi wao, mali za nyumba za watawa ziandikwe, na bunduki zisalimishwe. Hilo la mwisho ndilo lililowasha moto. Huko Nyarong mwanamke aitwaye Dorje Yudon, mume wake akiwa ameitwa kwenye mkutano na Wachina, alikusanya wapiganaji na kuizingira ngome yao mwanzoni mwa 1956. Sehemu nyingine zikafuata kwa zamu, kila bonde kivyake, bila mtu wa kuziunganisha.

Lithang ndiko kulikotoa kovu lisilofutika. Watu walikimbilia ndani ya nyumba kubwa ya watawa, ikazingirwa, na mwezi wa Machi 1956 ndege zikaja kuipiga mabomu. Wengi waliokuwa chini hawakuwahi kuona ndege maishani mwao. Ndege zenyewe zilikuwa Tu-4, ambazo Stalin aliwapa Wachina, na ambazo mafundi wa Kisovieti walikuwa wameziiga msumari kwa msumari kutoka kwenye B-29 za Marekani. Mwaka uliofuata Wamarekani wangewajia watu walewale wa Lithang na msaada.

Mmoja wa wana wa Lithang alikuwa Andrug Gompo Tashi, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa na makazi Lhasa. Alifanya jambo la akili sana. Alitangaza mchango wa kumtengenezea Dalai Lama kiti cha enzi cha dhahabu. Hakuna askari wa Kichina aliyeweza kuzuia ibada ya namna hiyo waziwazi, na hakuna Mtibeti aliyeweza kukataa kuchanga. Watu wake wakazunguka nchi nzima wakipokea fedha, dhahabu na vito, na usiku, baada ya hesabu ya mchango, wakizungumza jambo lingine. Kiti kilikabidhiwa 1957. Tarehe 16 Juni 1958, huko Driguthang kusini ya Lhasa, wapanda farasi walikusanyika chini ya bendera mpya wakajiita Chushi Gangdruk, yaani Mito Minne, Safu Sita za Milima, jina la kale la Kham na Amdo.

*

Msaada wa nje ulikuja kwa mlango wa nyumbani kwa Dalai Lama, bila yeye kuufungua. Kaka yake, Gyalo Thondup, alikuwa akiishi Darjeeling, mji wa milimani wa India, na huko watu wa CIA walimfikia. Mwanzoni mwa 1957 vijana sita wa Kikhampa walichaguliwa, karibu wote wa Lithang, wakavushwa kwa siri usiku kutoka India kuingia Pakistan ya Mashariki, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Kurmitola karibu na Dhaka, wakapakiwa kwenye ndege isiyo na alama. Hawakujua wanapelekwa wapi. Walishukia kisiwa cha Saipan katika Pasifiki, kwenye joto na bahari, vitu viwili ambavyo mtu wa Kham hana habari navyo. Aliyewatafsiria huko alikuwa ndugu mwingine wa Dalai Lama, Thubten Jigme Norbu, lama mkubwa aliyekuwa uhamishoni. Walifundishwa redio, ramani, baruti, kuruka kwa mwavuli. Wakapewa na majina ya Kimarekani ambayo wakufunzi waliweza kuyatamka: Athar akawa Tom, Lhotse akawa Lou, na Wangdu Gyatotsang, mpwa wa Gompo Tashi, akawa Walt.

Mwaka huohuo, usiku wa mbalamwezi, Tom na Lou walirushwa karibu na mto Tsangpo, si mbali na nyumba ya watawa ya Samye. Kundi la Wangdu lilirushwa kwao Kham, katikati ya moto. Wenzake waliorushwa naye waliuawa. Yeye alitoroka akapita nchi nzima kwa farasi hadi India. Mkumbuke huyu, maana sura hii itaishia karibu naye.

Athar na Lhotse walikuwa na kazi moja ya kwanza: kumfikia Dalai Lama na kupata ombi rasmi la msaada. Washington ilitaka karatasi. Walimfikia mkuu wa nyumba yake, Phala, lakini ombi halikutoka. Dalai Lama alikuwa akijaribu kuishi na Wachina, na mawaziri wake hawakujua nani kati yao anapeleka maneno wapi. Kwa hiyo Marekani ilianza kumsaidia mtu ambaye hakuwa ameomba, kupitia watu ambao serikali yao haikuwatambua. Hilo nalo liliwafaa baadaye wale waliotaka kusema kwamba hapakuwa na ahadi yoyote.

Na Washington yenyewe iliijua Tibet kwa kiasi gani? John Greaney, mmoja wa maofisa wa CIA walioshughulika na mradi huu, alisimulia kwenye filamu kwamba mkuu wa shirika, Allen Dulles, alimuuliza Tibet iko wapi hasa. Wakasimama mbele ya ramani ya ukutani. Dulles akaweka kidole juu ya Hungaria, akauliza kama ni hapo.

Silaha zilizodondoshwa kabla ya maasi ya Lhasa zilikuja mara mbili tu. Nyingi zilikuwa bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield, zilizokuwa zimezagaa Asia yote ya Kusini, ili Mchina akiokota moja asiweze kusema imetoka kwa nani. Kwa Wamarekani hiyo ilikuwa busara ya kazi yao. Kwa mpiganaji aliyesubiri miezi kadhaa akitazama angani, bunduki ya kizamani ya risasi mojamoja kutoka kwa taifa tajiri kuliko yote duniani ilikuwa kitendawili.

*

Tarehe 10 Machi 1959 umati wa Lhasa uliizunguka ikulu ya Norbulingka kumzuia Dalai Lama asiende kambini kwa Wachina, kwa hofu kwamba hatarudi. Usiku wa tarehe 17 alitoka akiwa amevaa kama askari wa kawaida, bunduki begani. Alikuwa na umri wa miaka 23. Njia ya kusini aliyoifuata ilikuwa mikononi mwa Chushi Gangdruk, na ukitafuta tendo moja la wapiganaji hawa lililobadili historia, usilitafute kwenye mapigano. Ni kule kuwa kwao pale, miezi tisa tangu Driguthang, wakati njia ilipohitajika. Athar na Lhotse walikutana na msafara wakiwa na redio yao. Ombi la hifadhi likapita kwenye mashine yao ya kuzungushwa kwa mkono, likafika Washington, likapelekwa New Delhi. Waziri Mkuu wa India, Nehru, akakubali. Tarehe 31 Machi Dalai Lama akaingia India, na nyuma yake wakafuata maelfu kwa maelfu.

Gompo Tashi naye alivuka, mwili wake ukiwa na majeraha ambayo hayakupona. Alifariki Darjeeling mwaka 1964.

Lakini ndege sasa ziliongezeka. Huko Colorado, kwenye kambi ya zamani ya wanajeshi wa milimani iitwayo Camp Hale, mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, CIA ilikuwa imefungua shule. Watibeti waliiita Dumra, bustani. Kati ya 1958 na 1964 walipita hapo zaidi ya vijana 200, wakiletwa usiku kwenye mabasi yaliyofunikwa madirisha. Wengi walikaa miezi bila kujua wako nchi gani. Watu wa mji wa jirani waliambiwa kwamba huko kunafanywa majaribio ya mambo ya nyuklia, wasikaribie.

Mafunzo yalikutana na kikwazo ambacho mtu yeyote aliyewahi kuandika lugha yake kwa mashine ya wengine atakielewa. Ujumbe wa redio hupelekwa kwa tarakimu, na Kitibeti hakikuwa na mfumo wake. Aliyeutengeneza alikuwa Geshe Wangyal, mtawa Mkalmyki, wa jamii ya Wamongolia kutoka Urusi, aliyesoma Lhasa na kuishia New Jersey. Wanafunzi wengi hawakuwa wamekanyaga darasani, kwa hiyo kabla ya kufundishwa siri za redio ilibidi wafundishwe kuandika lugha ya mama zao. Kwa baadhi yao shule ya ujasusi ndiyo ilikuwa shule ya kwanza. Tena miongoni mwa maandishi waliyosomeshwa yalikuwemo ya Mao mwenyewe kuhusu vita vya wanyonge dhidi ya wenye nguvu.

Siri ilikaribia kupasuka Desemba 1961. Theluji ililichelewesha basi lililokuwa likipeleka kundi uwanjani Colorado Springs, kukapambazuka, na wafanyakazi wa uwanja wakawaona watu wa sura za Asia wakiwa na sare wakipanda ndege ya kijeshi. Walinzi wakawashikia raia hao bunduki na kuwazuia. Habari ilifika The New York Times. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, akaomba isichapwe, na haikuchapwa.

*

Waliorudishwa Tibet kwa ndege walikwenda kufa. Mwaka 1959 na 1960 makundi yalirushwa Pembar na sehemu nyingine za kaskazini-mashariki, na silaha kwa mamia zikafuata. Wakufunzi walikuwa wamesisitiza jambo moja: tawanyikeni, muwe wachache wachache, pigeni na kuhama. Lakini waliokuwa Pembar hawakuwa kikosi. Walikuwa koo nzima pamoja na wake, watoto, mahema, kondoo na yaki maelfu. Mfugaji hawezi kutawanyika akaacha mifugo, maana mifugo ndiyo chakula, na familia akiiacha nyuma ndiyo itakayolipishwa. Na habari kwamba Marekani inadondosha bunduki iliwavuta watu zaidi mahali pamoja. Ndege za China zilipokuja, zikafuatwa na mizinga, zilikuta bonde limejaa. Mbinu iliyokuwa sahihi darasani Colorado ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya vijana wasio na mama nyuma yao.

Kundi la mwisho kwa njia hiyo lilirushwa Markham mwaka 1961, watu saba, wakiongozwa na Yeshe Wangyal, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa eneo hilo. Walimkuta baba ameshafariki na wapiganaji wake wamebaki wachache, wamechoka. Walizingirwa. Kila mmoja alikuwa amefungiwa kidonge cha sumu. Bhusang peke yake ndiye aliyekamatwa akiwa hai, akakaa gerezani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kati ya watu 49 waliorushwa ndani ya Tibet tangu 1957, waliobaki hai walikuwa 12.

Kabla ya hapo ndege ya upelelezi ya U-2 ilikuwa imetunguliwa Urusi, tarehe 1 Mei 1960, na Rais Eisenhower akasimamisha safari za ndege za siri juu ya nchi za kikomunisti. Hivyo tukio lililotokea Urusi, ambalo hakuna mchungaji wa Pembar aliyelisikia, likaamua nani hatapata risasi mwaka ule.

*

Ndipo ikaja Mustang. Wazo lilikuwa kuweka ngome ndani ya Nepal, karibu na barabara ya Xinjiang, na kuingia kidogo kidogo, watu 300 kwa wakati mmoja. Habari ilivuja katika kambi za wakimbizi waliokuwa wakivunja kokoto kwenye barabara za India, na mwaka 1960 vijana wakatoka kwa mamia mengi bila kungoja zamu. Walifika kwenye nchi kame isiyoweza kuwalisha. Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa ya njaa tupu. Walichemsha ngozi za viatu na za matandiko wakala. Kiongozi wao, mtawa wa zamani aitwaye Baba Yeshi, aliandika barua baada ya barua. Mzigo wa kwanza wa silaha ulidondoshwa Aprili 1961, baada ya Rais Kennedy kuruhusu tena ndege, huku balozi wake mjini New Delhi, John Kenneth Galbraith, akiupinga mradi wote. Miezi michache baadaye likatokea lile gari dogo barabarani.

Hati moja ya serikali ya Marekani ya Januari 1964, ambayo sasa iko wazi, inaeleza gharama za mwaka. Jumla ni dola 1,735,000. Wapiganaji 2,100 wa Nepal wametengewa dola 500,000, yaani chini ya dola 240 kwa mtu kwa mwaka, chakula na mavazi humo humo, na hati inasema waziwazi kwamba wenye silaha ni 800 tu. Mafunzo ya Colorado yametengewa dola 400,000. Dalai Lama ana ruzuku ya dola 180,000. Nyumba za Tibet za New York na Geneva, dola 75,000. Vijana 20 wa kusomeshwa, dola 45,000. Mimi nimeisoma orodha hii mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya wakati ule, kwa sababu orodha ya matumizi haijui kubembeleza. Anayekusudia kuirudisha nchi kwa wenyewe hawaachi watu 1,300 kati ya 2,100 mikono mitupu. Anayekusudia kuwa na macho kando ya barabara ya adui, na kumkera kidogo, anatumia kiasi hicho hasa.

Vita vya China na India vya Oktoba na Novemba 1962 vilileta bwana mwingine. India, iliyokuwa ikifumba macho, iliunda kikosi chake cha siri cha Watibeti huko Chakrata, chini ya Meja Jenerali Sujan Singh Uban, kikajulikana kwa jina la Establishment 22. Waliojiunga walidhani watarushwa Tibet. Mwaka 1971 walipelekwa kwenye milima ya Chittagong kupigana na jeshi la Pakistan, katika vita vilivyozaa Bangladesh, na zaidi ya 50 wakafa katika vita visivyokuwa vyao, bila medali, kwa sababu rasmi hawakuwepo. Hapo ndipo kichwa kinapozunguka: ardhi ile, Pakistan ya Mashariki, ndiyo iliyowapitisha vijana sita wa kwanza kwa siri mwaka 1957, kwa ridhaa ya Pakistan. Na mwezi Julai wa mwaka huohuo wa 1971, Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, aliondoka Pakistan kwa ndege ya siri kwenda Beijing.

Watu wengi husema Nixon aliwauza Watibeti siku ile. Tarehe hazikubali. CIA ilikuwa imeshaamua kuifunga Mustang kufikia 1969. Ndege ya mwisho ya silaha ilikuja 1965, na amri za miaka ile zilikuwa kupeleleza, si kupiga. Fedha zilizobaki zilielekezwa kwenye nyumba ya wageni Pokhara na karakana za mazulia, ili wapanda farasi wajifunze kazi nyingine. Nixon alikuta biashara imeshafungwa, akatia kufuli. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti cha China, na sisi wa Afrika Mashariki tunaikumbuka siku hiyo kwa furaha ya ujumbe wa Tanzania, Salim Ahmed Salim akiwa mbele. Reli ya TAZARA ilikuwa tayari inajengwa. Kwetu China ile ilikuwa rafiki aliyekuja na koleo wakati wengine walikuja na masharti, na ilikuwa kweli. Kwa mzee wa Lithang ilikuwa ile ndege juu ya nyumba ya watawa, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Sijaona sababu ya kulazimisha moja iimeze nyingine.

*

Mustang iliishi miaka michache zaidi kwa ukaidi. Baba Yeshi aliondolewa 1969, wenzake wakimtuhumu kwa kutafuna fedha, naye akaondoka na wafuasi wake. Nafasi yake ikashikwa na Wangdu, yule Walt wa Saipan. Mwaka 1974 Nepal, ikibanwa na China, ilipeleka jeshi kaskazini na kuwataka waweke silaha chini. Walikataa. Ndipo Dalai Lama alipotuma kaseti. Shemeji yake, P.T. Takla, aliibeba kambi hadi kambi, akiipiga mbele ya watu waliopanga mistari. Sauti iliwaambia ni upuuzi kupigana na Wanepali, wasalimishe bunduki. Fikiria: amri ya Beijing wangeicheka, ya Kathmandu wangeipiga risasi, ya Washington walishaona thamani yake. Hii hawakuweza kuikataa. Walilia, wakakabidhi. Mmoja wao, Pachen, alijikata koo. Wengine walijitupa mtoni.

Wangdu hakukabidhi. Alitoka na watu kama 40, akaelekea magharibi kwa farasi, akiingia na kutoka mpakani mwa Tibet, jeshi likimfuata kwa wiki kadhaa. Aliuawa kwenye njia ya mlima ya Tinkar, karibu kabisa na mpaka wa India.

Wengine walioongoza walitiwa gerezani Kathmandu. Kati yao alikuwa Lhamo Tsering, mtu wa Amdo, mkono wa kulia wa Gyalo Thondup tangu mwanzo, aliyekamatwa Pokhara. Huyu alikuwa mtunza kumbukumbu. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akiweka barua, orodha za majina, picha, ramani zilizochorwa kwa mkono na wanaume waliokuwa wamejifunza kushika kalamu Colorado. Alitoka gerezani 1981, akakaa chini kuandika historia ya vita vyao, juzuu baada ya juzuu. Mwanawe Tenzing Sonam, pamoja na mkewe Ritu Sarin, walitengeneza filamu kuhusu habari hii mwaka 1998, na mzee akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 2019 karatasi zake zilitandazwa Berlin katika maonyesho, watu wakapita wakizitazama. Safari hii zilikuwa za Kitibeti.